Basi kuukuu haliui, kinachoua ni upepo uliopuuzwa

Saa kumi na moja alfajiri, kabla jua halijatoka Lubumbashi, mabasi yanayokwenda Likasi na Kolwezi huwa yameshawashwa. Abiria wamekaa, mizigo imefungwa, muuza maandazi amepita mara ya mwisho dirishani. Injini inanguruma lakini basi haliondoki. Mbele ya dereva taa nyekundu inawaka na kengele nyembamba inalia bila kukoma. Dakika tano zikipita, sauti zinaanza kutoka viti vya nyuma: "Papa shofere, tunaenda ao hatuendi?" Dereva anaachia breki ya kuegeshea na kuingia barabarani. Kengele bado inalia.

Abiria wengi hudhani ni hitilafu ya basi kuukuu, kama kiti kilichochanika au dirisha lisilofunga. Sivyo. Kengele hiyo inasema kwamba matangi ya upepo hayajajaa na kwamba breki hazina nguvu ya kutosha kusimamisha gari lenye watu sitini. Dereva aliyeondoka nayo ikilia ameondoka akijua hivyo.

Kila ajali ya basi inapotokea katika barabara za Haut-Katanga na Lualaba, mjadala huanza upya, na karibu kila mara huishia kwenye umri: mabasi yamezeeka, yazuiwe mpakani, yaondolewe barabarani. Hoja hiyo inaeleweka, lakini inalenga mahali pasipo. Basi la miaka ishirini na tano lenye mfumo wa upepo unaotunzwa ni salama kuliko basi la miaka minane ambalo matangi yake hayajawahi kutolewa maji. Swali la kumwuliza mwenye basi ni lini mara ya mwisho fundi alilala chini ya gari lake na kusikiliza kama upepo unavuja. Mwaka wa kutengenezwa hausemi hilo.

Upepo unafanya kazi gani

Magari madogo ya abiria yanayozunguka kati ya katikati ya mji, Kenya, Katuba na Ruashi hutumia breki za mafuta. Mafundi wengi wa mji huu wamejifunza kazi kwenye magari hayo. Basi kubwa la safari ndefu ni kitu kingine. Injini huzungusha kompresa inayovuta hewa na kuisukuma kwenye matangi ya chuma mpaka ifike presha ya bar 7 au 8, na katika mabasi mengine zaidi ya hapo. Dereva akikanyaga pedali, hasukumi breki kwa nguvu ya mguu wake. Anafungua valvu, na upepo unakimbia kwenye mipira hadi kwenye chemba za breki za kila gurudumu.

Breki ya kuegeshea hufanya kazi kinyume chake. Ndani ya chemba za nyuma kuna springi nzito ambayo muda wote inataka kubana gurudumu. Upepo ndio unaoizuia. Ndiyo maana upepo ukiisha kabisa, basi hujifunga lenyewe. Wahandisi walipanga hivyo makusudi ili gari lililopoteza upepo lisimame.

Hatari iko katikati, kati ya tangi lililojaa na tangi tupu. Presha ikishuka karibu na bar 4 au 5, kengele hulia. Hapo springi bado hazijabana sawasawa, na breki ya mguu imekwisha kudhoofika. Dereva akikanyaga mara moja, gari linapunguza mwendo. Akikanyaga mara ya pili na ya tatu, anatumia upepo ambao kompresa haijaurudisha. Kwenye mteremko, dereva anayekanyaga na kuachia breki mara kwa mara badala ya kushuka kwa gia ndogo anaweza kumaliza akiba yote kabla hajafika chini.

Maji, mafuta na kimo cha Katanga

Adui wa kwanza wa mfumo huu ni maji. Hewa yoyote ina unyevu. Kompresa inapobana hewa nyingi katika nafasi ndogo, kisha hewa hiyo ikapoa ndani ya tangi, unyevu hugeuka maji na kutulia chini. Lubumbashi, kuanzia Novemba hadi Aprili mvua zinaponyesha, maji hayo huwa mengi. Tangi ambalo nusu yake ni maji ni tangi lenye nusu ya upepo, hata kama geji inaonyesha presha kamili. Sindano ya geji hupima presha tu. Haisemi akiba iliyobaki ni kiasi gani.

Maji hayaishii kwenye tangi. Yanakula chuma kutoka ndani, yanapeleka kutu kwenye valvu, na valvu yenye kutu hukwama wakati mbaya kuliko yote. Ndiyo sababu mabasi yaliyotengenezwa vizuri huwa na kikaushio cha hewa kati ya kompresa na matangi, chenye katriji ya punje zinazonyonya unyevu. Katriji hiyo ina maisha yake. Watengenezaji wengi hushauri ibadilishwe kila mwaka mmoja hadi miwili au mitatu, kutegemea kazi na hali ya hewa. Katika mabasi mengi kuukuu, kopo la kikaushio lipo lakini punje zilikufa zamani. Bei ya katriji mpya ni ndogo kuliko bei ya tairi moja la basi.

Adui wa pili ni mafuta. Kompresa iliyochoka, ambayo ringi za pistoni zake zimelika, hupitisha mafuta ya injini pamoja na hewa. Mafuta hayo huziba katriji, kisha hulainisha na kuvimbisha mipira iliyo ndani ya valvu na chemba. Mwenye gari anaweza kulitambua hilo bila mashine yoyote. Afungue koki chini ya tangi na kutazama kinachotoka. Maji safi kidogo ni kawaida. Uji mzito wa rangi ya maziwa au kahawia ni habari kwamba kompresa inahitaji fundi.

Kimo nacho kina mchango wake. Lubumbashi iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa zaidi ya asilimia 10. Kompresa inayovuta hewa hapa hupata hewa kidogo kwa kila mzunguko kuliko ingepata Dar es Salaam. Ikiwa tayari imechoka, au ikiwa kuna mahali panapovuja, itafanya kazi bila kupumzika, itapata joto, na joto litazidisha mafuta na maji. Tatizo dogo huko lilikotoka basi linakuwa kubwa likifika Katanga.

Basi likibadilishwa kazi

Mabasi mengi makubwa yanayofanya kazi hapa hayakutengenezwa kwa kazi hii. Yalikuwa mabasi ya watalii au ya safari ndefu katika nchi nyingine, yakauzwa yakiwa yametumika, yakasafirishwa kwa meli na kuingia kwa barabara. Yakifika, hubadilishwa. Choo huondolewa, viti huongezwa, keria huchomelewa juu ya paa, na milango hurekebishwa. Mabadiliko hayo si kosa yenyewe. Mji unaokua haraka kuliko magari yake hutumia ulicho nacho. Kosa ni kubadilisha juu bila kuangalia chini.

Mfano mmoja ni mifuko ya upepo inayobeba basi badala ya springi za chuma. Mfuko ukipasuka na mwingine kukosekana, mafundi huweka springi za chuma au vipande vya chuma. Basi linasimama vizuri na linatembea. Lakini katika mabasi mengi ya aina hiyo, valvu inayogawa nguvu ya breki za nyuma hupima uzito wa abiria kwa kusoma presha ya mifuko ile. Mifuko ikiondolewa, valvu inaweza kudhani basi ni tupu na kupunguza breki za nyuma, wakati ndani wamekaa watu sitini na keria imejaa magunia. Kazi iliyofanywa kwa nia ya kuokoa safari imeondoa sehemu ya breki, na hakuna aliyemwambia dereva.

Mfano mwingine ni honi ya upepo. Dereva anataka honi kubwa, fundi anatafuta bomba lililo karibu, anatoboa kwenye tangi la breki. Mabasi yaliyotoka kiwandani yana valvu ya ulinzi inayotenganisha njia za upepo, ili honi au mlango ukivuja, breki zibaki na akiba yake. Honi iliyochukua upepo moja kwa moja kwenye tangi la breki imeruka ulinzi huo. Siku mpira wake utakapokatika, upepo utakaotoka ni wa breki.

Kuna pia njia za mkato zisizotokana na kutojua. Chemba ya gurudumu moja ikivuja, mpira wake hukunjwa na kufungwa kwa waya, basi liendelee na magurudumu yaliyobaki. Springi ya breki ya kuegeshea ikibana kwa sababu upepo hautoshi, bolti hukazwa kuirudisha nyuma ili isibane tena. Kengele ikisumbua, waya wake hukatwa. Kila moja ya njia hizi inaondoa onyo au kinga iliyowekwa na mtengenezaji, na basi linaonekana limepona.

Mafundi wenyewe wako hatarini. Springi iliyo ndani ya chemba ya nyuma ina nguvu ya kuua mtu. Anayefungua chemba hiyo kwa spana, bila kuifunga springi kwa bolti yake maalumu, anaweza kurushiwa mfuniko usoni. Kijana anayejifunza kazi garaji anapaswa kuambiwa hilo siku ya kwanza.

Nani analipa dakika tano

Wenye mabasi wana jibu lao, na si la kupuuzwa. Vipuri ni ghali, barabara ina vituo vya peaji, njiani kuna vizuizi visivyoisha, na nauli haipandi kwa kasi ya gharama. Dereva naye si mwenye gari. Anatakiwa kupeleka hesabu jioni, na safari iliyoahirishwa ni hesabu iliyopungua. Akisema gari lina tatizo, mara nyingine anayepoteza kazi ni yeye.

Lakini sehemu kubwa ya matunzo ya upepo haidai fedha. Kufungua koki za matangi jioni na kutoa maji hakuna bei. Kusubiri sindano ipande kabla ya kuondoka hakuna bei. Kupima uvujaji kunahitaji saa ya mkononi na kabari za kuzuia magurudumu. Matangi yakiwa yamejaa, zima injini, achia breki ya kuegeshea, tazama geji kwa dakika moja. Kanuni inayotumika Marekani kwa gari moja lisilo na tela ni kwamba presha isishuke zaidi ya psi 2 kwa dakika, na pedali ikiwa imekanyagwa isishuke zaidi ya psi 3, yaani kama bar 0.2. Ikishuka zaidi, maji ya sabuni yatakayopakwa kwenye viungo vya mipira yataonyesha panapovuja kwa mapovu. Asubuhi nzima ya kazi hiyo haigharimu kama saa moja ya basi lililojifunga katikati ya barabara likiwa na abiria.

Wale wanaotaka mabasi yote ya zamani yaondolewe wajiulize abiria watapanda nini kesho yake. Jibu linajulikana kwa yeyote anayesafiri mkoani: watapanda malori, juu ya magunia ya mahindi na makaa, mahali ambapo hakuna kiti wala kitu cha kushika. Marufuku inayohesabu miaka itawapandisha watu huko, na wenye mabasi yasiyotunzwa lakini yenye umri mdogo wataendelea kupita.

Barabara yenyewe haisamehe. Barabara ya Taifa namba 1 kati ya Lubumbashi na Kolwezi, kama kilomita 300, ni njia ya abiria na pia njia ya migodi. Basi linafuatana na malori ya shaba, kobalti, chokaa, mafuta na asidi, linapita milima ya upande wa Likasi, Kambove na Fungurume. Februari 2019, lori lililobeba asidi lilipata ajali na gari la abiria katika barabara hii upande wa Lualaba, na watu wapatao 20 walikufa. Ajali ile ina mambo yake na haipaswi kugeuzwa ushahidi wa jambo lingine. Inachokumbusha ni kwamba hapa, gari lililoshindwa kusimama mita chache mapema halikutani na nyasi. Linakutana na tani arobaini za mzigo wa mwingine.

Kinachowezekana mwaka huu

Polisi wa barabarani na Tume ya Taifa ya Kuzuia Ajali, CNPR, hawahitaji sheria mpya ili kuanza. Ukaguzi wa kiufundi uliopo tayari unaweza kuongezewa vipimo vitatu ambavyo yeyote anaweza kushuhudia: muda wa matangi kujaa, upepo unaopotea kwa dakika moja, na kengele inayolia presha ikishuka. Karatasi ya ukaguzi iandike namba hizo. Karatasi yenye mhuri bila namba hununuliwa. Namba inaweza kupimwa tena na mtu mwingine kesho, na aliyedanganya ataonekana.

Tanzania, askari wa usalama barabarani hukagua mabasi ya mikoani kituoni kabla hayajaondoka alfajiri, na basi lenye kasoro huzuiwa pale pale, abiria wakiona. Ajali hazijaisha huko. Hata hivyo, kukagua gari kabla ya safari kuna maana kuliko kulisimamisha njiani likiwa limejaa, mahali ambapo mazungumzo mara nyingi huisha kwa noti. Vyama vya wasafirishaji wa Lubumbashi vinaweza kufanya hivyo vyenyewe: fundi mmoja anayeaminika kwenye maegesho, kila alfajiri, mwenye mamlaka ya kusema basi hili halitoki.

Wanaokodi mabasi kupeleka wafanyakazi migodini wana nguvu zaidi ya serikali katika jambo hili, kwa sababu wao ndio wanaolipa. Mkataba ukidai daftari la matunzo ya upepo, lenye tarehe ya katriji na kipimo cha uvujaji cha kila wiki, mwenye basi ataliandika. Daftari likishazoeleka kwa basi la mgodi, litahamia kwa basi la abiria wa kawaida, kwani mafundi ni wale wale.

Wenye mabasi nao wampe dereva haki moja iliyoandikwa: kukataa kuondoka kengele ikilia, bila kukatwa hesabu ya siku hiyo. Bila haki hiyo, mafunzo yote ya usalama ni maneno, kwa sababu dereva atachagua kati ya hatari ya kesho na njaa ya leo, na anayechagua hivyo kila siku siku moja atakosea.

Abiria wana sehemu yao, na ndiyo ndogo kuliko zote. Wakiona basi limewashwa na haliondoki, na taa nyekundu inawaka mbele ya dereva, wanyamaze. Kelele ianze pale dereva anapotaka kuondoka na kengele bado inalia. Hapo ndipo mama aliyekaa kiti cha mbele, mwenye mtoto mapajani, ana haki ya kusema: "Papa shofere, ngoja kwanza."